Boti Ikipinduka Tanganyika: Madai Manane na Majibu Yake

Desemba 2014, boti Mutambala iliyokuwa ikielekea Uvira ilipinduka katika Ziwa Tanganyika. Zaidi ya watu 120 walikufa. Mji wetu wa Kalemie wakati huo ulikuwa bado chini ya mkoa wa Katanga, na viongozi wa mkoa walipoeleza chanzo walitaja mambo mawili ambayo kila mtu wa ziwa alikwisha kuyakisia: upepo mkali na shehena iliyopita kiasi. Hayo mawili tumeyalalamikia tangu hapo, na ni haki yetu kuyalalamikia. Lakini katika taarifa zile zile mlikuwa na hesabu nyingine iliyopita bila kuulizwa: zaidi ya watu 200 walitolewa majini wakiwa hai.

Mazungumzo yetu huishia pale boti inapolala ubavu. Kinachofuata tunakiachia bahati. Ilhali kati ya boti kupinduka na mtu wa mwisho kufikishwa hospitali kuna saa ambazo ndani yake mtu hupona au hufa kwa sababu ya anachofanya yeye na wanachofanya walio karibu naye. Saa hizo zinatawaliwa na maneno tuliyorithi, yanayosemwa kwa nia njema na watu waliozaliwa ufukweni, na baadhi ya maneno hayo yanaua. Nimechagua manane yanayosikika mara nyingi. Penye ukweli nitaukubali. Pasipo na ukweli sitaremba.

1. "Baridi huua watu wa theluji. Maji yetu ni ya moto."

Ni kweli Tanganyika si bahari ya Norway. Maji ya juu huwa na nyuzi 23 hadi 28 hivi, na watoto hucheza humo asubuhi nzima. Lakini mwili wa binadamu unataka nyuzi 37, na ukishuka chini ya 35 umeshaingia katika hatari ambayo waokoaji wa milimani huiogopa sawa na mfupa uliovunjika. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa ya kiwango kile kile. Majedwali ya walinzi wa pwani wa Marekani yanasema hivi kuhusu maji ya nyuzi 21 hadi 27: mtu huishiwa nguvu au hupoteza fahamu baada ya saa 3 hadi 12.

Sasa piga hesabu. Boti ikipinduka saa 2 usiku, mpaka kupambazuke ni saa 10. Ongeza kiangazi, Juni hadi Agosti, wakati upepo wa kusi unavuma mfululizo na kuyapoza maji ya juu. Aliyefanikiwa kukaa mgongoni mwa boti anapigwa na upepo huo akiwa na nguo zilizolowa. Wanaopanda Ruwenzori, mlima wa barafu tunaogawana na Uganda wenye kilele cha mita 5,109, hufundishwa kwamba upepo na nguo mbichi huua hata kabla theluji haijaonekana. Fundisho hilo linamfaa abiria wa boti ya Moba vilevile.

Dalili zinajulikana. Kwanza mtu hutetemeka, kisha ulimi unakuwa mzito, kisha vidole havishiki tena kamba. Baadaye kutetemeka kunakoma. Wenzake husema ametulia, kumbe mwili umeishiwa uwezo wa kujipasha moto, na muda si mrefu ataachia. Dawa ya majini haina gharama: walio pamoja wakumbatiane kifua kwa kifua, watoto katikati, aliye peke yake akunje magoti hadi kifuani, mikono ikibana mbavu, nguo zibaki mwilini, isipokuwa viatu vizito. Na yeyote anayeweza kupanda juu ya kitu na kutoka majini, hata nusu ya mwili, apande.

2. "Anayejua kuogelea afuate taa za mji."

Taa ndizo zinazodanganya. Usiku, juu ya maji, taa za vilimani Kalemie huonekana karibu kwa sababu hakuna kitu kati yako na zenyewe cha kupimia umbali. Ziwa hili lina upana wa kilomita 50 kwa wastani na kina kinachofika mita 1,470. Mkondo na upepo havimsubiri anayeogelea apumzike. Zaidi ya hayo, kila anaporusha mkono anasukuma maji yaliyopata joto la mwili wake na kuyakaribisha mapya ya baridi. Anayeogelea kwa nguvu hupoa na kuchoka mapema kuliko aliyetulia akishikilia kitu.

Boti ya mbao mara nyingi haizami yote. Hulala kichwa chini na kuelea. Mvuvi anayetafuta watu alfajiri ataona mgongo wa boti kutoka mbali. Kichwa cha mtu mmoja katika mawimbi hatakiona. Kwa hiyo kanuni ni moja: baki na boti. Ikiwaka moto, au ikisukumwa kwenye miamba, au kama nchi kavu iko karibu kiasi kwamba miguu inagusa mchanga, hapo ondoka.

Wengine hujibu kwamba ajali za karibu na gati ni tofauti. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 walikufa. Boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama tarehe 3 Oktoba 2024 mbele ya bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Hesabu ya kwanza iliyotolewa ilikuwa watu 78 waliokufa. Ukaribu wa nchi kavu haukuwasaidia.

Je, kujua kuogelea hakuna maana? Kuna maana kubwa, na kila mtoto wa Kalemie afundishwe. Ila faida yake iko katika dakika ya kwanza: kutoka chini ya boti, kufungua macho, kufikia kitu kinachoelea. Bidoni ya njano ya lita 20, tupu na iliyofungwa vizuri, inabeba vichwa vya watu wawili bila shida, kwa sababu mtu akiwa majini uzito anaohitaji kusaidiwa ni kilo chache tu.

3. "Mfa maji haachi kutapatapa."

Methali hii ni nzuri kwa siasa na kwa madeni. Kwa ajali ni hatari. Anayezama kweli mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo wake unazama na kuibuka kwa muda mfupi mno; muda huo mwili unautumia kuvuta pumzi, si kuita. Mikono inabonyeza maji pande zote mbili ikijaribu kuinua kichwa, kwa hiyo haiwezi kumwashiria mtu. Anasimama wima ndani ya maji, kichwa nyuma, macho hayaoni. Baada ya sekunde 20 hadi 60 amekwenda chini. Mwenzake aliye mita tatu pembeni anaweza kuapa kwamba hakusikia lolote, na anasema kweli.

Ndiyo maana kundi lililoshikilia boti linapaswa kuwa na mtu mmoja anayeita majina, tena na tena, usiku kucha. Asiyeitika atafutwe wakati huo huo, si kukikucha.

Dai hili lina pacha wake: "Mwanaume wa kweli humrukia." Ushujaa hauna ubishi, lakini aliyekabwa na maji humpanda yeyote anayemfikia, na mara nyingi hupatikana miili miwili badala ya mmoja. Utaratibu ni huu: kwanza mtupie kitu kinachoelea; kama yuko karibu, mnyooshee kasia au fimbo ukiwa umelala kifudifudi; kama kuna mtumbwi, mwendee nao. Kuingia majini ni hatua ya mwisho, na uingie ukisukuma bidoni mbele yako ili aikamate hiyo, asikukamate wewe. Mvuvi anayefika na injini aizime kabla hajawafikia watu, maana panga la injini halichagui, na awapandishe mmoja mmoja kupitia nyuma ya mtumbwi. Wakining'inia ubavuni wote kwa pamoja, mtumbwi wa pili nao utalala.

4. "Kwanza mtoe maji tumboni."

Hili ndilo dai lililoenea kuliko yote, na ndilo linaloiba dakika za thamani kuliko yote. Mtoto anatolewa majini, ananing'inizwa kichwa chini. Mtu mzima analazwa kifudifudi na kukandamizwa mgongo, au tumbo lake linabonyezwa kwa nguvu. Maji yakitoka kinywani watu hushangilia kwamba dawa inafanya kazi.

Wala tusifikiri ni ujinga wa kwetu peke yetu. Mwaka 1767 ilianzishwa Amsterdam jumuiya ya kuwaokoa waliozama, ya kwanza yenye sifa Ulaya, na London ikafuata mwaka 1774. Zama hizo wataalamu walimbingirisha mtu juu ya pipa, na walimpulizia moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa kwa kutumia mvukuto. Lakini katika orodha yao mlikuwamo pia kumpulizia pumzi mdomoni na kumpasha mwili joto. Pipa na tumbaku vimetupwa. Pumzi na joto vimebaki hadi leo.

Sababu ni hii. Anayezama hafi kwa kujaa maji. Anakufa kwa kukosa hewa. Maji yanayoingia mapafuni kwa kawaida ni kidogo, na hufyonzwa haraka. Yale unayoyaona yakimwagika ukibonyeza tumbo yanatoka tumboni, pamoja na chakula, na sehemu yake inageuka njiani na kuingia mapafuni, ambako hayakuwapo. Wakati huo ubongo unahesabu: baada ya dakika 4 hadi 6 bila hewa unaanza kuharibika bila kurudi.

Kwa hiyo, mtu asiyeitika akitolewa majini, mlaze chali juu ya kitu kigumu. Sakafu ya boti inatosha. Inamisha kichwa chake nyuma, inua kidevu, tazama na usikilize pumzi kwa sekunde zisizozidi 10. Kama hapumui, ziba pua yake na umpulizie mdomoni mara 5, kila mara mpaka uone kifua kinapanda. Hapa ndipo ajali ya maji inapotofautiana na mshtuko wa moyo, ambako huanzwa na kifua: aliyezama anadai hewa kwanza. Kama bado hana uhai, weka mikono miwili katikati ya kifua na ubonyeze mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2. Kisha 30 tena. Kwa mtoto mdogo bonyeza theluthi moja ya unene wa kifua.

Povu likitoka kinywani usipoteze muda kulifuta, puliza. Akitapika mgeuze ubavu, safisha kwa kidole, mrudishe. Badilishaneni kila dakika 2, maana kazi hii inachosha hata baharia. Msiache mpaka apumue, au mhudumu wa afya apokee, au nguvu ziwaishie kabisa. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe.

5. "Ameshapoa, huyo ni maiti." Au: "Kuna mzungu aliyekaa chini ya barafu saa nzima akapona."

Nayaweka pamoja kwa sababu yanapingana na yote mawili yanapotosha.

Hadithi ya pili ni ya kweli. Mei 1999 daktari Mswidi Anna Bågenholm, akiteleza kwa ski milimani karibu na Narvik, Norway, alianguka na kunasa chini ya barafu ya kijito. Alikaa humo dakika 80. Alipofikishwa hospitali ya Tromsø joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 13.7, na moyo ulikuwa umesimama. Akapashwa joto kwa mashine ya kuzungusha damu, akapona, akarudi kufanya kazi ya udaktari. Tangu hapo na hata kabla, waokoaji wa milimani wana kanuni kwamba asitangazwe kufa aliyepoa mpaka apashwe joto kwanza na bado asiwe na uhai.

Lakini tuangalie kilichomwokoa. Alipata mfuko wa hewa chini ya barafu na akaendelea kupumua kwa muda, huku maji ya karibu sifuri yakiupoza ubongo wake kabla hewa haijaisha. Ubongo uliopoa hivyo unahitaji hewa kidogo sana. Tanganyika haina zawadi hiyo. Aliyezama katika nyuzi 25 ubongo wake una joto na njaa ya hewa, na dakika zake ni chache. Asije mtu akasubiri boti ya kuvutia au ruhusa ya mkubwa kwa kutumaini muujiza wa Norway.

Na bado dai la kwanza halisimami. Aliyeelea saa nyingi, uso juu ya maji, akapoa polepole, anaweza kuonekana maiti: ngozi ya baridi, viungo vigumu, pumzi moja baada ya kitambo kirefu. Huyo asifunikwe shuka haraka. Tazama kifua chake dakika nzima. Baridi ya ngozi peke yake si cheti cha kifo. Cheti hicho huandikwa na mhudumu wa afya, si na umati ufukweni.

6. "Mpe lutuku, msugue, msogeze motoni, akizinduka arudi nyumbani."

Mambo manne ndani ya sentensi moja, yote yana makosa.

Pombe kali kama lutuku huleta hisia ya joto kwa kufungua mishipa ya ngozini. Damu ya moto inakimbilia juu ya ngozi, inapoteza joto lake hewani, na kifua kilichokuwa kikiulinda moyo kinapoa. Pia hupunguza kutetemeka, ambako ndiko jiko la mwili lenyewe. Kusugua mikono na miguu kwa nguvu kunarudisha damu baridi moyoni, na moyo uliopoa sana unaweza kuvurugika mapigo kwa mtikisiko mdogo tu. Ndiyo maana aliyepoa sana habebwi kwa kurushwa bali hulazwa na kubebwa kama alivyo. Moto mkubwa huchoma ngozi isiyohisi, na humpasha upande mmoja.

Fanya hivi: mtoe penye upepo, mvue nguo zilizolowa, mkaushe kwa kugusagusa, mfunike vitenge na mablanketi makavu, kichwa pia. Mtu mwenye joto alale naye ndani ya blanketi hilo. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa ziwekwe kwapani na kifuani. Akiwa macho na anameza vizuri, chai yenye sukari nyingi inamfaa. Asiyejitambua asipewe chochote mdomoni.

Kuhusu kurudi nyumbani: aliyemeza maji hadi kupoteza fahamu, hata dakika moja, aende hospitali. Mapafu yaliyoguswa na maji yanaweza kuvimba baada ya saa kadhaa. Aangaliwe angalau saa 4 hadi 8. Akikohoa bila kukoma, akipumua kwa kasi, au mdomo ukiwa wa buluu, hata kama anacheka na ndugu zake, hali yake bado si salama. Familia zikishaanza kuimba shukrani ni vigumu kuwashawishi. Basi ampeleke hospitali yule aliyemwokoa, kabla nyimbo hazijaanza.

7. "Uokoaji una wenyewe. Raia asijiingize."

Wenyewe ni nani? Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa ambacho wengine walizoea kukitazamia kwa sababu ya ndege zake, ilifunga ofisi yake ya Kalemie katikati ya mwaka 2022. Na hata penye helikopta, hesabu haibadiliki sana.

Septemba 1970, madaktari wawili vijana wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian, Mlima Kenya, jiwe lilipoachia na Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika na mfupa ukatoka nje. Oelz alimfunga jeraha, akateremka kutafuta msaada, akarudi kukaa naye. Wa kwanza kufika walikuwa wapandaji wa klabu ya milima ya Kenya. Helikopta iliyotumwa ilianguka na rubani wake Mmarekani akafa. Kikosi cha wataalamu kutoka Austria kilipowasili na kumteremsha, siku zilikuwa zimefika kama 9. Judmaier aliishi. Wataalamu walikuwa na kazi ya kufanya kwa sababu tu walio karibu walikuwa wamemweka hai siku zote hizo.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43, 24 walipona, na waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Wanaopinga wana hoja moja ya haki: umati usio na kiongozi unaweza kuua. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, walionasa ndani waligonga mabati kuomba msaada. Tundu likakatwa kwenye sehemu iliyokuwa bado juu ya maji, hewa iliyokuwa ikiifanya meli ielee ikatoka, na meli ikazama nao. Inakadiriwa watu zaidi ya 800 walikufa katika ajali ile. Miaka 22 baadaye, ndani ya MV Nyerere, fundi mmoja alitolewa hai na wazamiaji siku mbili baada ya kivuko kupinduka, kwa sababu mfuko wake wa hewa haukuguswa. Fundisho ni kali: ukisikia mtu akigonga kutoka ndani, jibu kwa kugonga, ifunge boti isizame, tafuta wazamiaji, na usitoboe.

Kwa hiyo jibu la umati mbaya ni umati uliopangwa. Mtu mmoja aongoze, na wote wajue ni yeye. Mmoja aandike majina ya waliotolewa na saa waliyotolewa. Mmoja apige simu, aseme mahali, idadi na hali. Waliobaki wafanye wanachoambiwa au waondoke ufukweni.

8. "Siku yake ilikuwa imefika."

Msibani neno hili lina nafasi yake na sitalitoa kinywani mwa mama aliyefiwa. Ninalikataa linapotoka kinywani mwa mwenye boti, au mwa ofisi iliyoiruhusu kuondoka.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo ni katika nchi maskini na za kipato cha kati, na Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa kuliko kanda zote. Ripoti hiyo hiyo inasema kiwango cha vifo duniani kimepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 2000. Kama ni siku tu zinazofika, kwa nini zinafika zaidi penye jile chache za kujiokolea? Na kwa nini zinachelewa pale watoto wanapofundishwa kuogelea na boti zinapokaguliwa?

Kinachohitajika hapa Kalemie hakisubiri wafadhili. Jile moja kwa kila abiria, iliyovaliwa kabla ya kamba kufunguliwa, si iliyorundikwa kwa kufuli ili isiibwe. Bidoni tupu na kamba ya mita 20 mbele na nyuma ya kila boti. Simu moja ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa baharia. Orodha ya abiria iliyoachwa nchi kavu, maana bila hiyo hakuna ajuaye waokoaji waendelee kutafuta mpaka lini. Na katika kila boti watu wawili waliofundishwa kupuliza pumzi na kubonyeza kifua, kazi ambayo muuguzi wa hospitali kuu anaweza kuifundisha kwa asubuhi moja kwa wavuvi, waalimu na vijana wa parokia. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia kufa maji. Kwetu inaangukia katikati ya msimu wa kusi, wakati hasa somo hilo linapohitajika.

Mwenye boti atasema ni gharama. Basi apakie abiria wachache zaidi, apate nafasi ya jile hizo. Na mkaguzi anayetia sahihi hati ya kuondoka aulize vitu hivyo vitano kwa sauti, abiria wote wakisikia. Kikikosekana kimoja, boti isitoke.